Vibua, mchunga na bada kwa nazi moja

Kwetu Ngamiani, Tanga, chungu cha mchana kinalisha watu sita: wakubwa wanne na watoto wawili. Aliyenifanya nibadili upishi ni mama mkwe wangu. Alipokutwa na presha akaambiwa apunguze chumvi na mafuta, nami kwa haraka nikaitoa nazi jikoni kabisa. Wiki ile ilikuwa nzito. Samaki wa kuchemsha, mchicha wa maji, watu wanadonoa tu, na jioni kila mmoja anapitia chipsi barabarani. Nikairudisha nazi. Nilichobadili ni idadi ya nazi, wakati wa kutia tui na kipimo cha chumvi, na leo mama anakula mpaka analamba vidole.

Andaa hivi kwa watu sita: samaki aina ya vibua sita wa wastani, nazi moja iliyokomaa, nyanya nne, vitunguu maji viwili, kitunguu saumu punje sita, kipande cha tangawizi, binzari ya manjano nusu kijiko cha chai, pilipili manga, ndimu tatu, embe bichi moja au ukwaju kiasi cha kiganja, pilipili mbuzi moja nzima, mafungu mawili ya mchunga, ile mboga ya majani machungu, na mawili ya mchicha, na unga wa muhogo wa kusongea bada, yaani ugali wa muhogo.

Hatua ya 1: Pima chumvi ya siku asubuhi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Maneno hayo niliyasikia mara nyingi yasinisaidie, mpaka nilipoiweka chumvi yenyewe mbele ya macho yangu. Kila asubuhi natia vijiko vinne vya chai kwenye kibakuli. Tuko sita, lakini kimoja nimekiondoa kwa sababu watoto kipimo chao ni kidogo, na kingine kwa sababu mkate wa dukani unakuja na chumvi yake. Viwili ni vya mchana, kimoja cha usiku, kimoja cha akiba. Kibakuli kikikauka, basi. Siku ya kwanza nilikuwa nimemaliza cha siku nzima kwenye mchuzi peke yake, na hapo ndipo nilipoelewa tulikuwa tunakula nini.

Vidonge vya mchuzi vya dukani nimeviacha, maana ukisoma karatasi yake, mara nyingi chumvi ndiyo inayotajwa mwanzo. Magadi nayo yana sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi na inayopandisha presha. Mboga inayolainishwa kwa magadi imeshatiwa chumvi kabla hujaionja. Chumvi unayobaki nayo iwe yenye madini joto.

Hatua ya 2: Vibua wawe wa asubuhi

Nenda mapema kwenye samaki wa hapa Tanga, Deep Sea au Sahare, ukiwa na ndoo na barafu kama unakaa mbali. Tazama jicho, liwe limejaa na linang'aa. Fungua shavu, liwe jekundu. Bonyeza mgongo, nyama irudi.

Hapa sitaki uharakishe. Kibua akikaa kwenye joto, nyamani mwake hutengenezeka sumu inayoitwa histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa moto wala kwa ndimu. Anayemla huwashwa mwili, uso humwiva, kichwa humgonga, wakati mwingine hutapika. Wengi husema "nina mzio wa samaki", kumbe samaki alilala juani. Kama umefika sokoni saa sita mchana na vibua wako juu ya meza bila barafu, nunua dagaa wakavu urudi nyumbani.

Ninawapenda vibua kwa sababu bei yao inabebeka na mafuta yao ni yale mazuri kwa moyo. Changu na kolekole tunawala siku pesa ikiruhusu.

Hatua ya 3: Banika, usikaange

Desturi yetu wengi ni kumkaanga samaki kwanza, kisha ndiyo aingie kwenye mchuzi. Mafuta anayoyanywa kwenye kikaango anayapeleka yote chunguni, na mara nyingi ni mafuta yaliyokwisha kukaangia jana na juzi.

Mchane kibua mistari mitatu kila upande. Twanga kitunguu saumu na tangawizi, changanya na pilipili manga na maji ya ndimu moja, umpake mpaka ndani ya michano. Chumvi, robo kijiko cha chai kwa samaki wote. Mwache dakika 20 pahali pa baridi. Wavu upake mafuta kidogo asinate, mkaa uwe umeshika jivu jeupe, umbanike dakika nne au tano kila upande. Hahitaji kuiva sawasawa, atamalizikia kwenye mchuzi. Ile harufu ya moshi ndiyo inayoziba pengo la mafuta, na sijasikia mtu nyumbani akiulizia samaki wa kukaanga.

Hatua ya 4: Nazi moja, tui tatu

Zamani nilikuwa nakuna nazi mbili, nachanganya tui lote na kulichemsha tangu mwanzo. Mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa ni ya aina inayoganda, ile inayopandisha lehemu mbaya mwilini. Hayapotei kwa kuchemshwa. Kinachopotea ni utamu na harufu. Kwa hiyo nilikuwa nabaki na mafuta ya nazi mbili na ladha ya nazi moja.

Kaa kwenye mbuzi ya kukunia, kuna nazi moja. Tia nusu kikombe tu cha maji ya uvuguvugu, ikande kwa mkono mpaka uone weupe unatoka, kamua kwa kifumbu au chujio. Hilo ni tui la kwanza, zito. Lifunike, liweke mbali na moto. Rudia chicha ile kwa vikombe viwili vya maji, hilo ni tui la pili. Rudia tena kwa kikombe kimoja, hilo la tatu ni jepesi kabisa na litakwenda kwenye mboga. Chicha iliyobaki wape kuku.

Mafuta mengi ya nazi yametoka na tui la kwanza, na kiasi chake ni kile nusu kikombe ulichonacho. Litaingia chunguni mwisho kabisa, ili harufu yake ifike mezani badala ya kuishia hewani. Nazi moja ikitiwa hivi, ulimi hauulizi ya pili.

Hatua ya 5: Mchuzi

Usitie mafuta ya kupikia. Katakata vitunguu, nyanya na embe bichi, tia chunguni pamoja na binzari, pilipili mbuzi nzima na tui la pili. Weka motoni ukikoroga kwa upawa, ukiteka na kumimina, mpaka lichemke. Ukiliacha tui lichemke peke yake litakatika, ubaki na maji huku na mafuta kule. Likishachemka punguza moto, acha nyanya zilainike na mchuzi uanze kushika, kama dakika 15.

Sasa onja kabla ya chumvi. Embe au ukwaju limeshafanya kazi, na ukali wa embe unaufanya ulimi uhisi chumvi ambayo hujaitia. Tia kijiko kimoja cha chai, laza samaki wako, dakika tano. Mwishoni mimina tui zito, ila bakiza vijiko vitatu vya chakula kwa ajili ya mboga. Tikisa chungu kwa masikio yake, usikoroge samaki wakavunjika. Likianza kufurukuta, epua.

Hatua ya 6: Mchunga na mchicha

Mchunga ni mchungu, na wengi huuchemsha, wakaukamua, wakamwaga maji yake yote. Uchungu unakwenda na vitamini C inakwenda nao. Mimi nauchanganya nusu kwa nusu na mchicha, uchungu unapungua wenyewe ukabaki ule unaoleta hamu. Osha majani kabla ya kukata, usiyaloweke yakiwa yamekatwa. Chemsha tui la tatu na kitunguu kidogo, tia mchunga dakika tano, kisha mchicha dakika tatu. Chumvi, nusu kijiko cha chai. Malizia kwa vile vijiko vitatu vya tui zito. Hayo mafuta kidogo usiyaogope, maana vitamini A ya majani haichukuliwi vizuri na mwili pasipo mafuta. Kamulia ndimu ukishaepua, maana ukali huo unausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye majani.

Ukitaka kisamvu siku nyingine, kanuni hugeuka: kitwange vizuri na ukichemshe muda mrefu bila kufunika, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu inayohitaji kutoka na mvuke.

Hatua ya 7: Bada

Chemsha maji, mwaga unga wa muhogo, songa kwa nguvu mpaka uvutike na ugeuke rangi. Haina haja ya chumvi. Unga uchukue kwa mtu unayemjua kwamba muhogo wake ameuloweka na kuukausha sawasawa, hasa ukiwa muhogo mchungu. Bada ni wanga karibu mtupu, hivyo nasonga kidogo kuliko mkono unavyotaka.

Hatua ya 8: Pakua kwenye sinia

Tunaambiwa nusu ya sahani iwe mboga, lakini kwetu tunakula sinia moja, na kwenye sinia nani atapima nusu yake? Nilihangaika na hilo muda. Sasa bada naigawa matonge sita ya ukubwa wa ngumi, kila mtu na upande wake. Mboga naiweka kwenye mabakuli mawili badala ya moja, kila upande liwe karibu na mkono. Mkono huenda palipo karibu, na mabakuli yote mawili huisha.

Baada ya hapo chungwa la Muheza, likamenywe na kuliwa na nyama yake, si juisi yenye sukari. Chai isubiri saa moja hivi, kwa sababu chai inazuia madini ya chuma ya mboga yasichukuliwe na mwili.

Mchuzi ukibaki, uache upoe na uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Usiku upashe kwa moto mdogo ukiteka na kumimina kama mwanzo, tui lisikatike, na usiongeze chumvi. Ukihisi umepoa ladha, kata ndimu iliyobaki.