SOMO: Kuiweka ramani ya zamani ya Kinangop, Kenya, juu ya picha za setilaiti

Swali la "mbona ramani yangu imeruka?" nimelijibu hadi nimechoka. Naandika mara moja, basi.

1. Skani karatasi ikiwa imenyooka, dpi 300. Picha ya simu haifai.

2. Ifungue kwenye QGIS (programu ya ramani ya kompyuta), sehemu ya Georeferencer, inayoipa picha mahali pake duniani.

3. Bonyeza makutano ya gridi, pembe nne na katikati. Mito na kingo za msitu ziache, hazikai mahali pamoja.

4. Soma hapa mara mbili. Karatasi za 1:50,000 zenye gridi ya UTM (mistari inayohesabiwa kwa mita) zilichorwa kwa Arc 1960, kipimo cha zamani cha umbo la dunia, kwa hiyo chagua Arc 1960 / UTM 37S, ambayo namba yake kwenye programu ni EPSG:21037. Ukiziweka namba za gridi hiyo chini ya WGS 84 / UTM 37S (EPSG:32737), kipimo cha GPS cha leo, programu hainung'uniki. Makosa yatasoma karibu sifuri, ramani itapendeza, na yote itakuwa imesogea kama mita 300 kaskazini. Kisha andika namba kamili: kusini mwa ikweta hesabu huanza 10,000,000 na kushuka, hivyo mstari ulioandikwa "20" karibu na Njabini ni 9920000. Andika 20000 uitafute ramani yako Antaktika.

5. Kwenye njia za kuigeuza picha, tumia Polynomial 1, isiyoikunja. Thin Plate Spline huikunja ipite kila nukta na kuficha makosa, isikushawishi.

6. Hakiki kwa njia panda ya zamani ambayo bado ipo.

MASWALI

Kamaa254: Yangu imeruka kaskazini, shida nini?
— Hatua ya 4.

Kamaa254: Nimeisoma mkuu, bado.
— Umeweka EPSG gani?

Kamaa254: 32737.
— Hatua ya 4.

Shamba_Letu: Naweza kwenda nayo kwa kesi ya mpaka? Jirani ameingia hatua tatu.
— Hapana. Mstari wa nusu milimita hapo ni mita 25 shambani. Nenda kwa msajili wa ardhi na savea mwenye leseni.

Wambo_Jiografia: Mwalimu, shikamoo. Mbona yangu ina mashamba makubwa yenye nyumba mojamoja, na leo pale ni vishamba vitupu?
— Marahaba dada, hilo ndilo swali. Karatasi yako ni ya enzi za walowezi. Kuanzia 1962, mpango wa ekari milioni moja ulinunua mashamba yao na kuyakatakata kwa familia. Punguza uzito wa rangi ya ramani hadi nusu, uone barabara zipi za leo zinafuata njia za shamba za zamani. Kama kontua zako (mistari ya mwinuko) ni za futi, zidisha kwa 0.3048: futi 8,000 ni mita 2,438.

Viazi_Kinangop: Sisi wa viazi tunafaidi nini?
— Sana tu. Hewa baridi huteremka usiku ikajikusanya mabondeni. Tafuta kontua zinazozunguka kibonde. Hapo sakitu hupiga kwanza. Panda juu kidogo, kwenye mteremko.

Kamaa254: Imekubali!