Taa ya kwanza kwa mpiga picha wa harusi

Kama bajeti inatosha taa moja tu, nunua flashi ya betri ya wati-sekunde 200 hadi 300 (kipimo cha nguvu ya mmweko), si ile ya kuchomeka ukutani. Ukumbini soketi huwa mbali, na umeme ukikatika bibi harusi hasubiri. Hakikisha inapokea softiboksi (visanduku vya kitambaa vya kulainisha mwanga) za mdomo wa Bowens, aina ya kiungio cha kuzifunga kwenye taa, hata kwa adapta, kwa sababu ndizo zilizojaa madukani. Chukua softiboksi kubwa, sentimita 90 kwenda juu, kisha isogeze karibu na uso: mwanga hulainika, na ngozi nyeusi hung'aa vizuri bila doa jeupe kwenye paji. Taa ya LED, inayowaka mfululizo, mimi ningeiacha kwanza. Ukiitaka, CRI (kipimo cha usahihi wa rangi, mwisho 100) isipungue 95. Za chini ya hapo mara nyingi hupotosha rangi ya hina na dhahabu.