Jinsi ya Kuchukua Kinyesi cha Nyani kwa Ajili ya Kusoma Jenomu

Anayetaka kusoma jenomu (DNA yote) ya nyani wa porini halazimiki kumpiga sindano ya usingizi ili amtoe damu, kwa kuwa kinyesi kibichi hubeba seli zilizobanduka kwenye utumbo wa mnyama mwenyewe. Kwa sampuli za namna hiyo, watafiti wa sokwe wa Gombe walifuatilia virusi vya SIV, jamaa ya virusi vya UKIMWI, na mwaka 2009 walionyesha kuwa sokwe walioambukizwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko wenzao.

Anza na vibali, ambavyo nchini Tanzania hushughulikiwa na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), na nchini Kenya na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) pamoja na mamlaka za wanyamapori. Sampuli ikivuka mpaka, uliza pia kama kinahitajika kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Mfuate nyani unayemtambua hadi ajisaidie, kisha usubiri aondoke bila kusumbuliwa. Vaa glavu na barakoa, si kwa usalama wako na wake tu, bali pia kwa sababu DNA yako inafanana mno na yake na inaweza kuharibu matokeo. Kwa kijiti kipya, kwangua sehemu ya juu ya kinyesi, ambako seli za utumbo ni nyingi, ukiepuka iliyogusa udongo au mkojo. Weka takriban gramu 5 katika mililita 30 za ethanoli. Baada ya saa 24 hadi 36 imwage ethanoli na uhamishie kinyesi kwenye silika kavu, yaani chembe za kufyonza unyevu. Lebo iandikwe kwa penseli, maana ethanoli ikivuja hufuta wino, na sampuli isiyojulikana ni ya nani haina thamani yoyote.

Ugumu mkubwa uko maabara. Sehemu kubwa ya DNA iliyomo ni ya bakteria, na ya nyani mara nyingi haifiki asilimia 5. Pima kwanza kiasi cha DNA ya nyani kwa PCR ya kiasi, njia ya kunakili kipande cha DNA na kuhesabu nakala zake. Kupeleka sampuli kwenye mashine ya kusoma DNA bila kipimo hicho ni kupoteza fedha za utafiti. Iliyo hafifu huweza kuboreshwa kwa protini inayonasa DNA yenye methili nyingi (alama ndogo za kikemikali), kama ilivyo ya nyani, na kuiacha ya bakteria.

Mfuatano wa DNA uliopatikana hulinganishwa na jenomu rejea, yaani ya mfano iliyokwisha kusomwa, ya Papio anubis, moja ya spishi za nyani. Hata hivyo, usiamue spishi kwa rangi ya manyoya pekee: huko Amboseli, Kenya, Papio anubis na spishi nyingine, Papio cynocephalus, huzaliana, hivyo asili ya kila mnyama ikadiriwe kwanza kwa DNA yenyewe kabla ya kutafuta jeni zinazohusiana na ugonjwa.