Kubonyeza bati la ndege kwa ajili ya skrubu za kichwa bapa

Skrubu ya ndege ambayo kichwa chake hulala sawa na uso wa bawa huhitaji kikao chenye umbo la koni, kwa kawaida cha nyuzi 100. Kwenye chuma kinene kikao hicho huchimbwa. Bati la nje la ndege nyingi za kujiundia, hata hivyo, ni aloi ya alumini iitwayo 2024-T3 yenye unene wa milimita 0.5 hadi 1, ilhali kichwa cha skrubu namba 8 kina kina cha karibu milimita 1.8. Ukilichimba, koni itatokea upande wa pili na kuacha tundu pana lenye ukingo kama wembe. Kwa hiyo bati hubonyezwa kwa pigo la nyundo kati ya kalibu mbili, dume yenye koni na pini, na jike yenye shimo la kuipokea, likapata umbo la koni pasipo kuchongwa.

Wanaoanza huogopa nyundo, lakini kinachostahili kuogopwa zaidi ni ukingo wa tundu. Kichwa cha skrubu namba 8 kina kipenyo cha takriban milimita 8.4, karibu mara mbili ya kichwa cha ribiti ndogo ya kawaida, kwa hiyo bati linalozunguka tundu hunyooshwa sana, na mkwaruzo wowote ulioachwa na biti huweza kugeuka ufa unaokimbia kutoka katikati kwenda nje. Toboa kwa biti kali tundu linaloingia bila kucheza kwenye pini ya kalibu dume. Likihitaji kupanuliwa hadi kipimo cha skrubu, fanya hivyo baada ya kubonyeza. Ondoa makapi, yaani vinyuzi vya chuma vilivyoachwa na biti ukingoni, pande zote mbili kwa mkono mwepesi, kwani ukikwangua mno unapunguza unene pale pale panapohitaji nguvu, kisha laini ukuta wa ndani wa tundu kwa msasa mwembamba ulioviringishwa. Ukucha ukipita pasipo kukwama, ukingo uko tayari.

Kwa fremu yenye umbo la herufi C, inayoshika kalibu mbili zikitazamana ili zipigwe kwa nyundo, napendelea kuweka kalibu dume chini na kulaza bati juu yake, uso wa nje ukitazama chini, kwa sababu tundu likishakaa kwenye pini mkono huhisi mara moja. Tegemeza bati lote kwa meza au mbao zilizolingana na kimo cha kalibu. Bati likiteleza kabla ya pigo, pini itatoboa tundu la pili kando ya la kwanza, na alama yenye umbo la tarakimu 8 itakayobaki haina tiba nyepesi. Piga kwa uthabiti. Pigo hafifu huacha kibonyeo cha duara kama bakuli, chenye bati lililovimba kukizunguka; pigo la kutosha huacha mstari mkali wa duara pale koni inapokutana na uso bapa. Kagua kila kibonyeo kwa lenzi, na chenye ufa usikipitishe.

Bati la nje likifungwa juu ya mhimili mnene, mhimili huchimbwa koni, tena kwa kina zaidi ya kinachohitajiwa na kichwa cha skrubu peke yake, kwa kuwa mgongo wa kibonyeo ni mpana kuliko kichwa kwa sababu ya unene wa bati. Tumia kichimbio chenye kizuizi cha kina, na kwanza funga kwa ribiti, nyuma ya mhimili, nati itakayoshika skrubu: koni inapokula ukuta wa tundu, pini ya kichimbio itaendelea kuongozwa na nati. Kipimo cha kuaminika ni kipande cha bati chakavu chenye unene ule ule, kilichobonyezwa kwa kalibu zile zile. Ongeza kina kidogo kidogo mpaka kipande hicho kilale bapa bila kuyumba. Usitegemee skrubu kulivuta bati lishuke, kwa maana litajikunja kati ya skrubu moja na nyingine, na mawimbi hayo yataonekana mara rangi itakapopakwa.