Kudumisha hamu ya kujifunza piano baada ya miezi ya mwanzo

Wanaoiacha piano kwa kawaida hawaiachi wiki ya kwanza. Huiacha pale mikono miwili inapotakiwa kupiga vitu tofauti kwa wakati mmoja, kwa sababu hapo wiki nzima inaweza kupita bila mwanafunzi kuona alichokipata, naye akadhani hana kipaji. Maendeleo huwa bado yapo, ila yamekuwa madogo mno kuonekana kwa macho. Hatua zifuatazo zinakusudia kuyafanya yaonekane.

Hatua ya 1. Punguza dakika, usipunguze siku. Dakika 15 kila siku hufaa kuliko saa mbili za Jumamosi pekee, kwa kuwa ubongo huendelea kuyaimarisha mazoezi ya vidole wakati wa usingizi.

Hatua ya 2. Ukate wimbo vipande, kisha uandike namba. Tuchukue mfano wa minueti (muziki wa dansi ya kale) ya G meja ya Christian Petzold, ambayo kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ya mtunzi mashuhuri Bach. Ina baa 32, yaani vipande vifupi vinavyotenganishwa na mistari wima kwenye karatasi ya muziki, na anayeanza akiitazama yote kwa pamoja hukata tamaa kabla hajagusa kibao. Chagua baa nne tu. Zipige kwa mkono wa kulia peke yake, kisha wa kushoto, kisha kwa mikono yote miwili, metronomu (kifaa cha kugonga mapigo sawasawa) ikiwa kwenye mapigo 60 kwa dakika. Ukizipiga mara tatu mfululizo bila kukosea, panda hadi 64, na uandike tarehe na namba hiyo kwa penseli pembeni mwa karatasi. Binafsi naiona penseli hiyo kuwa na thamani kuliko programu nyingi za simu, kwani siku utakayojiona umesimama palepale, ukurasa wenyewe utakukanusha.

Hatua ya 3. Jirekodi kila mwisho wa mwezi, na usiisikilize rekodi hiyo mpaka mwezi unaofuata.

Hatua ya 4. Bakiza wimbo mmoja unaoumudu, uupige kila unapomaliza mazoezi kwa ajili ya kujifurahisha tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina wiki tatu nimekwama kwenye baa mbili zilezile. Ninakosea wapi?

Jibu: Marahaba. Huenda kila mara unaanzia mwanzo wa wimbo, hivyo unazidi kuimarisha sehemu unayoijua tayari. Anzia kwenye baa hizo mbili. Kagua pia namba za vidole, kuanzia 1 ya kidole gumba hadi 5 ya kidole cha mwisho, maana mara nyingi kinachokwamisha ni kidole kilichowekwa mahali pasipofaa.

Swali: Niliacha kwa miezi minane. Je, nianze upya?

Jibu: Hapana. Chukua wimbo mwepesi kidogo kuliko ule ulioachia, uupige polepole kwa wiki mbili. Usijipime kwa kasi uliyokuwa nayo zamani.

Swali: Kinanda changu kina vibao 61 badala ya 88. Je, ndicho kinachonikatisha tamaa?

Jibu: Idadi ya vibao haizuii nyimbo za wanaoanza. Jaribu kubonyeza kibao kimoja kwa upole, kisha kwa nguvu. Ikiwa sauti haibadiliki, kinanda hicho kinakuficha sehemu kubwa ya maendeleo ya vidole vyako, na hapo itafaa utafute kingine.