Somo: Je, naitroksi inapunguza uchovu baada ya kupiga mbizi?

Tangu wale wageni watafiti waje Kigoma na mitungi ya naitroksi, ile yenye mkanda wa kijani na njano, swali limekuwa moja: "Mwalimu, ni kweli ukivuta hiyo hewa yao hutoki umechoka?" Nimeulizwa Kibirizi, nimeulizwa Katonga, juzi nimeulizwa nikiwa kwenye foleni ya dagaa. Naandika hapa ili wote msome.

Uchovu wenyewe naujua. Nimepiga mbizi ziwa hili la Tanganyika miaka kumi na minne, zaidi nikikamata samaki wa mapambo kwenye miamba. Unapanda boti, unavua mkanda wa risasi (vile vyuma vizito vya kukuzamisha), mwili unakuwa mzito kama gunia lililolowa. Ukifika nyumbani unaitwa kula, huitiki.

Tuanze na gesi. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu 21 kwa 100, na iliyobaki karibu yote ni naitrojeni. Naitroksi ni hewa hiyohiyo iliyoongezwa oksijeni, mara nyingi ikafika 32 au 36. Ukiongeza oksijeni naitrojeni inapungua, kwa hiyo mwili unanyonya naitrojeni kidogo na unaweza kukaa chini muda mrefu zaidi. Hiyo ndiyo kazi iliyoundiwa. Habari ya uchovu ilikuja baadaye, kwa midomo ya wapiga mbizi wenyewe.

Je, imepimwa? Imepimwa. Mwaka 2003 Richard Harris na wenzake wa Australia walichapisha jaribio lao. Huyu ndiye daktari wa usingizi ambaye mwaka 2018 alishiriki kuwatoa wale vijana 12 na kocha wao pangoni Thailand. Waliwaweka wapiga mbizi 11 kwenye chemba kavu (chumba kinachojazwa hewa mpaka ikubane kama uko majini), kwa kanieneo, yaani mgandamizo, ya mita 18, mara moja wakivuta hewa na mara nyingine naitroksi ya 36, bila kuambiwa ni ipi. Uchovu haukutofautiana. Mwaka 2010 Lafère na wenzake walichapisha matokeo ya wapiga mbizi 219 waliotoka majini kweli, na hapo waliovuta naitroksi walisema wamechoka kidogo kuliko wenzao. Sasa kumbukeni, mtu anayevuta naitroksi kwa kawaida anajua, maana kanuni za mafunzo zinamtaka apime mtungi wake mwenyewe. Na ukishajua umevuta kitu kizuri, unajisikia vizuri.

Msimamo wangu ni huu: kama tofauti ipo, ni ndogo kuliko mambo mengine tunayojifanyia wenyewe. Ondoeni hayo kwanza.

Hatua ya kwanza: maji ya kunywa. Ukiwa ndani ya maji, damu inasukumwa kuelekea kifuani, figo zinadhani maji yamezidi, unakojoa. Hewa ya mtungini nayo ni kavu, kila pumzi inakutoa unyevu. Ongeza jua la saa tano kwenye boti isiyo na turubai. Nusu ya uchovu ninaouona kwa vijana ni kiu. Kunywa kabla, kunywa kati ya mbizi, na chai ya rangi peke yake isihesabiwe kuwa umekunywa.

Hatua ya pili: baridi. Mtaniambia maji yetu ni ya moto. Maji ya nyuzi 25 ni ya moto kwa kuoga, lakini maji yanachukua joto la mwili haraka kama mara 25 kuliko hewa. Saa moja ukiwa umevaa fulana na kaptura, mwili umefanya kazi ya kutetemeka hata kama hukuiona. Vaa suti, hata ile nyembamba.

Hatua ya tatu: pumua. Wengi wetu tulifundishana kubana pumzi ili mtungi udumu. Acheni kabisa. Hewa ukaa inajaa mwilini, unatoka na kichwa kinagonga, halafu unailaumu hewa ya mtungi. Vuta taratibu, toa taratibu, usikatize. Risasi nyingi kupita kiasi nazo zinakuchosha, maana safari nzima unapiga miguu usizame.

Hatua ya nne: panda polepole. Usizidi mita 9 kwa dakika, na usimame mita 5 kwa dakika tatu hata kama kompyuta ya kuzamia, ile ya mkononi inayohesabu kina na muda, haijakuambia. Naitrojeni inayotoka haraka inafanya mapovu madogo kwenye damu, na wako wataalamu wanaoamini kuwa mapovu hayo, hata yasipokuumiza, yanachangia ule uzito wa jioni. Na ziwa letu si bahari. Liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ya maji ni nyepesi. Majedwali ya kuzamia ya baharini hayatufai yalivyo, yanahitaji kurekebishwa kuanzia mita 300 juu ya bahari. Ichagulie kompyuta mpangilio wa maji yasiyo na chumvi, na hakikisha imesoma mwinuko.

Hatua ya tano ni kwa atakayepewa mtungi wa naitroksi. Hapa sitaki haraka.

Chukua kipima oksijeni, kiweke kwanza kwenye hewa ya hapahapa Kigoma mpaka kisome 20.9. Kama kiliwekwa sawa Dar es Salaam na hukukigusa, huku kitakusomea kama 19, kwa sababu kinapima kanieneo ya oksijeni, wala hakijui asilimia. Ukikiamini hivyo, kila mtungi utausoma chini ya ulivyo. Kikishatulia, fungua mtungi kidogo tu, upepo upite polepole, subiri tarakimu ziache kucheza. Siku ya kwanza nilipofanya hivi ilisoma 31.2, 31.5, 31.7, ikakaa. Niliandika kwenye utepe wa karatasi, nikabandika shingoni mwa mtungi: 31.7, mita 30, tarehe, na saini yangu. Usivute mtungi uliopimwa na mtu mwingine bila wewe kuona.

Mita 30 zinatoka wapi? Oksijeni ikizidi kanieneo inageuka sumu, inaweza kukupa degedege ukiwa chini, na degedege la chini ya maji ni kufa maji. Kikomo cha kanieneo ya oksijeni ni bari 1.4 (bari moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa usawa wa bahari). Kwa naitroksi ya 32 baharini ni kama mita 33. Kwetu hesabu inaruhusu zaidi kidogo, lakini mimi siendi huko. Kwa ile ya 36 kikomo ni mita 28.

Kisha iache kompyuta ihesabu kama unavuta hewa ya kawaida, huku wewe ukilinda hicho kikomo cha kina. Hapo ndipo naitroksi inakuachia akiba. Ukitumia muda wake wote wa ziada, naitrojeni uliyoikwepa unairudisha mwilini.

Hatua ya sita ni daftari. Kila mbizi andika kina, dakika, gesi, maji uliyokunywa, na uchovu wako kuanzia 0 hadi 10 saa mbili baadaye. Mbizi ishirini za daftari zina maana kuliko hadithi za kwenye boti.

Jambo la mwisho nalisema kwa uchungu. Mwenzetu mmoja alimaliza mbizi ya tatu akalala botini. Tulimfunika kitenge tukasema kachoka. Tulipofika nchi kavu akapewa kikombe cha chai, kikamtoka mkononi. Bega lilikuwa linamuuma tangu ziwani, hakusema. Msimamizi wa kazi ile alitaka tusubiri kukuche. Hatukusubiri, na alipona, ila ilichukua wiki nyingi. Uchovu usio wa kawaida ni dalili ya ugonjwa wa mapovu. Ukija na maumivu ya kiungo, ganzi, upele au kizunguzungu, mpe oksijeni safi, mlaze, mpelekeni hospitali usiku huohuo, na muwaambie madaktari kuwa alikuwa anapiga mbizi.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Oksijeni ya kuchomelea vyuma ipo mjini. Hatuwezi kuchanganya wenyewe?

Marahaba mwanangu. Hapana, na usijaribu hata siku moja. Oksijeni yenye kanieneo kubwa ikikutana na mafuta kidogo ya kompresa au grisi ya valvu, inawaka. Mtungi ukilipuka, waliosimama karibu hawaponi. Hata mngefanikiwa, bila kipimo hamjui mmetengeneza nini.

Kaka, nikivuta naitroksi naweza kupanda ndege kesho yake asubuhi?

Saa hazipungui, dada. Mbizi moja subiri saa 12, mbizi kadhaa subiri 18. Na usisahau barabara: ukitoka ziwani ukapanda gari la Kasulu jioni hiyohiyo, unapanda mamia ya mita. Lala mjini.

Mimi nikivuta hewa ya kawaida sichoki kabisa. Nina tatizo?

Huna. Endelea hivyohivyo, na daftari uandike.

Mwalimu, wewe mwenyewe ukipewa vyote viwili unachukua upi?

Nikiwa na mbizi mbili au tatu za mita 20 hadi 25 siku moja, nachukua naitroksi, kwa ajili ya naitrojeni. Nikienda kwenye miamba ya mita 8 nachukua hewa ya kawaida na madumu mawili ya maji ya kunywa.