Gauni la mtu maarufu: kabla hujalipeleka mnadani, usilifue

Ukinipigia simu kuniambia una gauni lililovaliwa na mtu maarufu, swali langu la kwanza ni hili: umelifua? Kama bado, liache hivyo hivyo. Usilipeleke kwa dobi, usilipige pasi, usilifukize udi. Najua kwetu pwani nguo ya thamani haikai sandukuni bila udi, lakini moshi ule ukishaingia kwenye hariri ni shida kuutoa, na kila ulichokiongeza wewe kinafunika alama za yule aliyelivaa.

Mimi ni fundi. Vitambaa nilijifunza kuvijua kwa vidole soko la Kongowea, Mombasa, tukifungua marobota ya mitumba na mama, na huu ni mwaka wa 11 natayarisha nguo za minada hapa London. Mwaka wangu wa kwanza alikuja dada mmoja aliyekuwa akimtunza bibi mzee. Bibi alikuwa amempa gauni la jioni la mwigizaji mashuhuri wa enzi zake. Yule dada alilifua kwa mkono, taratibu, kwa mapenzi kabisa. Tulipoipata picha ya zamani tukaona doa dogo karibu na pindo. Doa lile ndilo lingetuambia kwamba gauni ni lile lile, nalo lilishakwenda na maji. Bibi alikuwa ameshafariki na hakuacha barua. Likauzwa kama gauni zuri la zamani, bila jina la mtu. Bado linaniuma.

Kwa hiyo anza na ushahidi. Mfano ninaoupenda ni sweta nyekundu ya kondoo weupe na mmoja mweusi, aliyoivaa Diana, yule wa familia ya kifalme ya Uingereza, mwaka 1981 kabla hajaolewa. Iliharibika, na kutoka Kasri la Buckingham ikaandikwa barua kwa mafundi wake, kampuni ya Warm & Wonderful, kuwauliza kama inaweza kutengenezwa au kubadilishwa. Wakamfumia nyingine, ile ya kwanza wakaihifadhi. Mwaka 2023 wakaikuta kwenye sanduku darini. Kampuni ya mnada ya Sotheby's waliikadiria kati ya dola 50,000 na 80,000, ikauzwa kwa zaidi ya dola milioni 1.1. Sufu ya kawaida tu, lakini barua zilikuwepo.

Kama aliyekupa nguo yu hai, mwombe akuandikie leo, usingoje wiki ijayo: ni nguo gani, yeye aliipata kwa nani, mwaka gani, na kwamba amekupa iwe mali yako. Aweke tarehe na sahihi. Nyinyi mnaofanya kazi za kutunza wazee majumbani, barua hiyo ndiyo inayokulinda watoto wa marehemu watakapouliza nguo ya mama yao imefikaje kwako. Usione haya kuiomba.

Kisha tafuta picha, kubwa na zenye ubora, za mashirika ya habari. Hapa ndipo penye kazi tamu. Chukua kitambaa cha maua, angalia mshono wa kifuani: ua limekatwa wapi? Jani limeangukia wapi begani? Fundi akikata magauni mawili kutoka jora moja, maua hayaangukii mahali pamoja. Ni kama kuangalia doti ya kanga: mbali zinafanana, ukikaribia pindo unaona hii imekatwa juu kidogo, ile chini. Kwenye shanga, tafuta iliyokaa upande. Kwenye lesi, hesabu matundu kutoka ukingoni. Fungua na bitana uone lebo, na kama ni gauni lililoshonwa kwa vipimo vya mtu, tafuta utepe mdogo wenye namba iliyoandikwa kwa mkono. Piga picha kila kitu, usikate chochote, hata uzi unaoning'inia.

Kulihifadhi ni rahisi zaidi. Gauni la shanga usilitundike, uzito wake unararua mabega. Lilaze sandukuni kwenye karatasi laini isiyo na asidi, jaza mikono kwa karatasi hiyo hiyo, toa pini zote maana huota kutu.

Ukifika kwenye kampuni ya mnada, nenda penye idara ya mavazi, na usivutwe na anayekutajia bei kubwa kuliko wote. Gauni la mahameli la buluu la Victor Edelstein, alilocheza nalo Diana na John Travolta Ikulu ya Marekani mwaka 1985, huenda ndilo maarufu kuliko magauni yake yote ya jioni. Mwaka 2019 lilikadiriwa hapa London paundi 250,000 hadi 350,000, na mnadani halikununuliwa. Baadaye Historic Royal Palaces, shirika linalotunza makasri ya kifalme, walilichukua kwa paundi 220,000. Mwaka 2023 gauni lake jingine la Edelstein, la zambarau, lilikadiriwa dola 80,000 hadi 120,000 tu, likafika 604,800. Makadirio ya chini huwaita watu wengi, na watu wengi ndio wanaopandisha bei. Wewe jilinde kwa kukubaliana na dalali bei ambayo chini yake hauzi.

Mkataba usome wote: kamisheni yao, gharama za picha, bima, na unadaiwa nini gauni lisipouzwa. Bei unazosoma magazetini kwa kawaida zimejumlisha ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni robo ya bei ya nyundo (ile iliyofikiwa dalali anapogonga nyundo) au zaidi. Hiyo haiji kwako. Fedha zako nazo hulipwa wiki kadhaa baadaye, mnunuzi akishalipa.

Omba nakala mbili za katalogi, kile kitabu cha vitu vya mnada. Moja yako, moja iende na gauni. Juni 1997 Diana aliuza magauni 79 kwenye mnada wa Christie's, New York, kwa ajili ya hisani ya wagonjwa wa saratani na UKIMWI. Lile la zambarau lilikuwamo, na ukurasa wa katalogi kama ile ni ushahidi.